Pantoni ya familia: tuyajue maji kwanza, kisha tuchague boti



Ndugu yetu mmoja wa Mwanza, msomaji wa ukurasa huu, ametuandikia barua ndefu juu ya jambo ambalo hatukuwahi kuulizwa. Yeye na wenzake wanne, wote wakiwa wameoa mabinti wa nyumba moja, wanakusudia kuchanga fedha wanunue boti ya kutembezea familia zao siku za mapumziko na za Idi. Jamaa yao anayeishi Minnesota, Marekani, amewatumia picha za boti za huko: sakafu pana kama baraza, viti pande zote, uzio wa kiuno, turubai la kivuli juu, na chini mapipa mawili marefu ya alumini. Wameipenda zaidi kwa sababu ya mama mkwe wao, mzee wa miaka 70 anayesumbuliwa na magoti, ambaye hawezi kuruka kuingia katika mtumbwi. Sasa wameiona moja iliyokwisha kutumika, inauzwa. Ndugu yetu anauliza kama wainunue. Anauliza pia kama mwenzao mmoja, ambaye hana fungu lake mkononi, anaruhusiwa kukopa kwa "riba ndogo" ili asiachwe nyuma.

Kutaka kuwatoa mama na watoto nje ya kuta nne ni nia njema, na hatuoni sababu ya kumvunja moyo. Lakini barua yake imetaja rangi ya viti na haikutaja upepo. Basi tuanzie hapo.

Neno pantoni si geni masikioni mwetu. Wakazi wa Dar es Salaam huliita hivyo lile feri la Magogoni na Kigamboni, na asili ya jina ni maboya matupu yanayobeba sakafu. Boti za kwenye picha ni wadogo wa ukoo huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtu mmoja wa huko Minnesota, Ambrose Weeres, alitandika sakafu ya mbao juu ya mapipa ya chuma yaliyoungwa pamoja, akapata chombo ambacho watu wangeweza kukikalia kama sebule. Siri yake ni nyepesi. Mtumbwi hulala juu ya mgongo mmoja, kwa hiyo huyumba kila mtu anapogeuka. Pantoni husimama juu ya miguu miwili iliyo mbalimbali. Mzee huingia akitembea, mtoto husimama bila kushika kitu, na kina mama huweza kuwa na upande wao wa kukaa kwa staha bila kubanana na wanaume. Kwa mahitaji ya familia ya Kiislamu, tunakiri kwamba ni chombo kilichokaa vizuri.

Ila tuangalie kilikozaliwa. Minnesota huandika kwenye vibao vya magari yake kwamba ina maziwa 10,000, na mengi katika hayo ni madogo; ukisimama upande huu, unaiona miti ya upande wa pili. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Sisi na wao tunatumia neno moja, "ziwa", kwa vitu viwili tofauti. Jua likishapanda, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawimbi huamka. Usiku ngurumo na dhoruba huzaliwa katikati ya ziwa, na wavuvi wanazijua. Pantoni ina sehemu ya mbele iliyo bapa na iliyo karibu na maji. Jahazi hulipanda wimbi kwa kifua chake, lakini pantoni iliyolemewa mbele huingiza pua chini ya wimbi, na maji hupita juu ya sakafu hadi miguuni mwa abiria. Turubai na uzio nao hushika upepo kama tanga ambalo hakuna anayeweza kulishusha kwa haraka.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: ikiwa wanakusudia kuzunguka ndani ya Ghuba ya Mwanza asubuhi, karibu na ufuko, pengine hadi Saanane na kurudi, pantoni inafaa. Ikiwa nia ni kwenda Ukerewe kuwasalimu jamaa, haifai, hata wauzaji waape. Na wasomaji wetu wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja wasiichukue safari ya Mbudya au Chumbe kuwa sawa na ghuba. Bahari ya kusi haina huruma na sakafu bapa, na chumvi huila alumini mahali inapokutana na misumari ya chuma. Huko ni bora kukodi boti ya faiba yenye kifua kirefu na nahodha mwenye leseni.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo iliyotutia wasiwasi zaidi. Muuzaji amewaambia kwamba boti hiyo "inabeba ukoo mzima". Ndugu yetu ametuorodheshea ukoo wenyewe: watu wazima 11 pamoja na mama mkwe, na watoto 13. Tuchukue karatasi. Tuseme kila pipa lina kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 6, kama alivyopima yeye. Pipa moja lina ujazo wa takribani mita 1.7 za ujazo, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, pipa likizama lote hubeba tani 1.7. Mawili hubeba tani 3.4. Lakini hakuna mwenye akili anayesafiri mapipa yakiwa yamezama yote. Nusu yake ibaki juu ya maji kama akiba ya mawimbi. Tunabaki na tani 1.7. Sakafu, viti, uzio, injini na mafuta huchukua tani moja hivi. Zimebaki kilo 700, yaani watu wazima kumi wenye kilo 70 kila mmoja, kabla ya sufuria la pilau.

Ukoo mzima una uzito gani? Watu wazima 11 kwa kilo 70 ni kilo 770. Watoto 13, tukiwakadiria kilo 25 kila mmoja, ni kilo 325. Jumla ni kilo 1,095. Wakikaa wametulia, mapipa yatazama kupita nusu na boti itaonekana bado iko sawa, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto mmoja akipiga kelele kwamba ameona kiboko, wote wakakimbilia upande mmoja, pipa la upande huo litabeba kilo 1,095 za watu na karibu kilo 500 za nusu ya boti. Hiyo ni tani 1.6, na mwisho wa uwezo wa pipa ni tani 1.7. Wimbi dogo tu linatosha kumaliza kilichobaki.

Mwanza haihitaji kukumbushwa na sisi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, gati likiwa linaonekana, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake; zaidi ya watu 200 walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Vyombo hivyo vilikuwa vikubwa mara nyingi kuliko sebule hii ya kuelea.

Zipo pantoni za mapipa matatu. Pipa la tatu la kipimo hichohicho, likizama nusu, huongeza kilo 850, na ukitoa uzito wake lenyewe unabaki na nyongeza nzuri. Kama fedha inaruhusu, tungeichagua hiyo, kwani hutulia zaidi na huvumilia mawimbi zaidi. Hata hivyo, tusingewapakia watu 24. Waende kwa zamu mbili. Wanaobaki ufukoni wapike.

Liko jambo jingine ambalo picha za Marekani hazilisemi. Mbele ya uzio mara nyingi huachwa kipande cha sakafu kilicho wazi, na watoto hupenda kukaa hapo miguu ikining'inia majini. Boti ikiwa inakwenda, ni mahali pabaya kuliko pote. Anayeanguka hapo haanguki pembeni. Huanguka mbele ya boti, kati ya mapipa mawili, na boti humpitia juu hadi kwenye panga la injini. Nahodha hana muda wa kugeuza. Lango la mbele lifungwe kwa kufuli kabla ya kamba ya gatini kufunguliwa, na ufunguo akae nao mtu mzima mmoja anayejulikana. Tungesema hivyo hata kama boti yote ingekuwa ya kukodi kwa saa moja.

Kuhusu boti yenyewe iliyotumika, isinunuliwe ikiwa majini. Itolewe nje, mtu apite chini yake na taa. Mapipa mazuri hugawanywa ndani kwa vyumba, ili kimoja kikitoboka vingine vibebe. Fundi agonge kila chumba na asikilize kama kuna maji, afungue vizibo, na aangalie maungio yaliyolehemiwa, hasa yale yanayoshika sakafu na yale ya kiti cha injini. Sakafu ya plaiwudi huoza chini ya zulia huku juu ikipendeza, basi zulia lifunuliwe. Muuzaji akikataa kulifunua, amekwisha kujibu. Uislamu umemtaka muuzaji kubainisha aibu ya bidhaa yake, na anayeificha huondolewa baraka katika biashara hiyo. Lakini mnunuzi naye hakuambiwa afumbe macho.

Injini wachague ile ambayo fundi wa mwaloni anaijua na vipuri vyake vinapatikana Mwanza, hata kama si ya fahari. Farasi 40 au 60 za injini ya mipigo minne zinatosha kwa mwendo wa familia. Magugu maji yakijisokota kwenye panga, injini izimwe kabisa kabla ya mtu kupeleka mkono. Makasia mawili na nanga yenye kamba ndefu viwemo siku zote.

Majaketi ya kuokolea yawe mengi kama watu, si pungufu kwa hata mmoja, na ya watoto yachaguliwe kwa kilo za mtoto, yakiwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani mara tu agusapo maji. Tumeona katika matembezi mengi kwamba wanaume na watoto huvaa, na mama akaambiwa akae katikati "hapo ni salama". Hapana. Jaketi huvaliwa juu ya buibui au baibui la kushuka, si ndani yake, na nguo isiwe ndefu ya kuburuta hadi nyuma kwenye injini. Stara haipungui kwa jaketi. Tena tungependa akina dada wafundishwe kuogelea na mwalimu wa kike mahali pa faragha, na hili kamati za misikiti zinaweza kulipanga bila gharama kubwa.

Kwa mama mkwe, wapime gati kabla ya kupima boti. Sakafu bapa humsaidia tu iwapo gati liko usawa wake, na maji ya ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 yalipanda sana katika mwambao wote. Ubao mpana wenye vishikio, uliofungwa pande zote mbili, utamfaa kuliko viti vya ngozi. Faida nyingine ya gati ni kwamba watoto hawatateremka kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi, ambako kichocho hupatikana.

Tumefika kwenye fedha. Riba ndogo ni riba. Wapo wanaoleta hoja ya dharura, lakini hakuna dharura katika matembezi. Mtu hatakufa kwa kukosa boti Jumapili. Njia zipo. Mwenzao achange alichonacho awe na fungu dogo, na gharama zake ziwe ndogo vilevile. Au wenzake wamkopeshe mkopo mwema, bila nyongeza, kwa maandishi na mashahidi kama tulivyoelekezwa katika Surat Al-Baqara. Au wote wangoje mwaka. Kinachotuudhi kidogo katika barua ni kwamba hao wanne wenye fedha ndio wanaomhimiza mwenzao aende benki. Je, wao wenyewe hawawezi kumkopesha?

Umiliki wa pamoja ni halali na una asili. Jahazi lililotajwa katika kisa cha Nabii Musa na mja mwema, katika Surat Al-Kahf, lilikuwa la maskini kadhaa waliofanya kazi baharini, si la mmoja. Na Imam Bukhari amepokea kutoka kwa An-Nu'man bin Bashir (RA) ule mfano wa watu waliogawana jahazi kwa kura, wengine juu na wengine chini, hata wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wasiwasumbue wa juu kwa kupita kuchota maji. Kila mmoja wa hawa watano atakuja siku moja na rafiki zake wanane, akisema "hili ni fungu langu". Lakini hakuna mwenye fungu lake peke yake katika pipa. Idadi ya mwisho ya abiria iandikwe katika mkataba, na yeyote kati ya watano awe na haki ya kuzuia safari kwa sababu ya upepo, bila kuulizwa wala kununiwa.

Kazi yetu katika kamati ya msikiti ni kutunza madaftari, na madaftari yametuonyesha kwamba mali ya pamoja haigombaniwi siku ya kununuliwa. Hugombaniwa mmoja anapofariki. Ndugu yetu hakuligusa hili, nasi tunamwomba aligeukie kabla ya jambo jingine lolote. Akifariki mmoja wa watano, fungu lake haliwaendei wenzake wanne, ni mirathi. Ikiwa ameacha mke na watoto, mke ana thumuni ya fungu, yaani sehemu moja katika arobaini ya boti nzima. Mama wa marehemu, kama yuko hai, ana sudusi. Kinachobaki ni cha watoto. Wakiwa wadogo, basi kila Jumapili baba wadogo hao wanne wanapowasha injini, wanapanda mali ya mayatima, na makemeo yaliyomo katika Surat An-Nisa juu ya mali hiyo hayakuwabagua watu wa nyumba moja.

Waandike mapema, wangali wanacheka: mmoja akifariki, boti itathaminiwa kwa bei ya siku hiyo na mtu asiye na fungu ndani yake, na waliobaki watatoa kununua fungu hilo ndani ya miezi mitatu, kwa ridhaa ya warithi na msimamizi wa watoto, wasipoweza, boti iuzwe na kila mtu apewe chake. Mkataba huo wausome mbele ya wake zao, kwa sababu hao ndio watakaokuwa warithi. Nakala moja wampe imamu wao.

Zaka haimo katika boti ya matumizi ya nyumbani. Wakianza kuikodisha, mapato yatakayofikia nisabu na kupitiwa na mwaka yatatolewa zaka. Na wakiikodisha sheria itawatazama kwa jicho jingine, kwa hiyo wawaone watu wa TASAC, wenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, waulize ukaguzi na leseni kabla ya kulipa hata senti. Unguja na Pemba wenye dhamana hiyo ni Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar.

Swala wapange waswali nchi kavu. Ghuba si pana kiasi cha kuwakosesha ufuko. Ikiwalazimu kuswali ndani, sakafu ya pantoni inaruhusu kusimama, na kibla kwa aliye Mwanza ni kaskazini, kukielekea mashariki kidogo. Boti ikigeuka, anayeswali naye hugeuka. Anayehofia kuanguka ataswali amekaa. Dua ya kupanda chombo imo katika Surat Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14, baada ya kutajwa majahazi na wanyama. Watoto wafundishwe wangali gatini, wakati majaketi yanafungwa, na kila kitu kitachukua muda uleule.

Shauri letu kwa ujumla wa barua yake: wasiinunue mwezi huu. Wakodi boti yenye kivuli, yenye nahodha wa mji, mara tatu: asubuhi ya jua, asubuhi ya mawingu, na siku moja baada ya Adhuhuri ili wauone upepo kwa macho yao. Mama mkwe awemo mara zote tatu. Asipopenda, na wazee wengi hawapendi maji ingawa hawasemi, watakuwa wamejiokolea mamilioni, na wataweza kumpeleka Saanane mara moja kwa mwaka kwa nauli ndogo.

Ameuliza mwishoni kama inafaa boti kuiita "Safina". Inafaa, ni jina zuri. Namba ya usajili na idadi ya abiria viandikwe kwa herufi kubwa kuliko hilo jina, pande zote mbili, kwa rangi inayosomeka kutoka ufukoni.